Tamasha la Uani: Jinsi ya Kula Kama Uko Uwanjani

Mimi hushona mikoba ya kitenge, na kwa miaka tisa nimeipeleka kwenye tamasha za sanaa huku Kisumu na Kakamega. Ukiniuliza nilikosa nini tangu Machi 2020, Korona ilipofunga tamasha, heshima inanitaka nitaje wachoraji na wapiga nyatiti, kinubi cha Waluo. Lakini nilichokosa hasa ni viazi karai, vile vya kuchovya kwenye uji wa unga na kukaanga. Nikiwa Dunga, ufukweni Kisumu, kibanda changu kilikuwa upande moshi unakoelekea, kando ya mama mmoja tuliyemwita Mama Karai, na mikoba yangu ilirudi nyumbani ikinuka mafuta. Wateja walilalamika. Wakati wa Korona ningelipia harufu ile.

Kuanzia tarehe 18 Juni 2021 kaunti 13 za huku magharibi mwa Kenya tuliwekewa kafyu ya saa moja jioni hadi saa kumi alfajiri, na mikusanyiko ilipigwa marufuku. Kwa hiyo tamasha tulilifanyia uani. Nilijaribu mara tatu, na mara mbili za kwanza nilikosea.

Hatukuita mtu. Waliokuja ni wale tuliolala nyumba moja, basi. Ploti yetu hapa Manyatta ina milango sita inayotazama uwanja mmoja, na kila familia ilibaki mlangoni pake.

Kosa langu la kwanza lilikuwa meza. Nilitandika kitambaa, nikapanga sahani, na dani (bibi) wa watoto akauliza kama tunangoja wageni wa posa. Watoto walikula upesi wakarudi kwenye televisheni. Chakula cha uwanjani huliwa umesimama, kimefungwa kwenye karatasi, kinakuunguza vidole, na unakipata baada ya kupiga foleni huku ukitamani cha aliye mbele yako. Kwa hiyo weka jiko uani, foleni ianzie mlangoni, na usimpe mtu chakula bure. Mimi humgawia kila mtoto vifungo kumi vya nguo: kiazi ni vifungo viwili, kipande cha mahindi kitatu. Mdogo wangu wa mwisho alimaliza vyote kwenye viazi akaanza kukopa kwa dani. Hapo ndipo nilipojua limekuwa tamasha.

Sasa viazi. Nunua viazi vya aina ya shangi kilo mbili, vidogo vya ukubwa wa yai la kuku ili visihitaji kukatwa. Shangi huiva haraka, usiviache jikoni ukaenda kuongea. Menya, chemsha kwa maji ya chumvi, na uepue mara kisu kinapoingia kwa shida kidogo, kwa sababu vitamalizikia kwenye mafuta. Koroga vikombe viwili vya unga wa ngano, kijiko kidogo cha bizari ya manjano, chumvi, punje tatu za kitunguu saumu zilizopondwa na dania iliyokatwakatwa. Ongeza maji kidogo kidogo mpaka upate uji mzito unaong'ang'ania mgongo wa kijiko.

Mara ya pili uji wangu uliteleza wote ukabaki chini ya karai, viazi vikaelea uchi. Nilimpigia simu Mama Karai. “Nyathina (mwanangu), uliviacha vikakauka?” Sikuwa nimeviacha. Baada ya kuepua, mwaga maji yote, vitandaze kwenye ungo vipoe hadi vikauke kabisa kwa nje, kisha vipake unga mkavu kabla ya kuvichovya. Dondosha tone la uji kwenye mafuta: likizama na kukaa huko, ngoja, likipanda juu likichemka, anza. Weka vitano kwa mara moja, usijaze karai. Pilipili ya kuchovyea ni ukwaju uliolowekwa, ukakamuliwa na kuchanganywa na pilipili mbichi na sukari kidogo.

Ngege (samaki aina ya sato) wa kukaanga ni rahisi zaidi, ila mchanje mbavuni, mpake chumvi na umwache kwenye upepo nusu saa, asije akang'ang'ania karai. Mahindi choma hayahitaji maelezo yangu: makaa, ndimu, pilipili, chumvi.

Upande wa sanaa tulikuwa na bahati. Kijana wa mlango wa nne anapiga orutu, fidla ya Waluo yenye uzi mmoja, na tamasha za mwaka 2020 zilipofutwa alikuwa amekwisha kushona shati la jukwaani. Alikaa kwenye ngazi yake, nasi tukasikilizia kwetu. Mtoto alimwekea fungu lake la chakula kwenye kigoda katikati ya uwanja, akarudi, ndipo yeye akalichukua. Watoto huchora kwa makaa kwenye ukuta wa choo, na mwenye nyumba bado hajaona. Mimi nilitundika mikoba kwenye kamba ya nguo, ijapokuwa hakukuwa na wa kununua. (Mwandalizi mmoja bado ana ada yangu ya kibanda ya mwaka 2020. Namkumbusha kila mwezi.)

Washa jiko saa tano asubuhi, usingoje jioni, maana mvua za Kisumu hupenda alasiri na kafyu haikuwa na subira. Saa kumi na moja anza kukusanya vifungo na uvihesabu. Mimi nilipoteza viwili vya koti la mteja. Mafuta yachuje yakishapoa. Makaa yaliyobaki yazime kwa maji hukohuko nje, usiliingize jiko ndani kupasha chumba moto, kwa kuwa hewa ya makaa huua watu wakiwa usingizini. Na mikoba, usiifue. Yangu bado iko kwenye kamba.