Somo: Timu ya Gredi 7 hadi 9 yenye wachezaji 8, inawakabili vipi 11?

Tangu gredi ya 7 ya kwanza ianze Januari 2023, walimu wengi wa sekondari msingi nchini Kenya wamekabidhiwa timu za soka kabla ya kuwa na wachezaji wa kutosha. Mmoja kifundo kimeteguka, mwingine Jumamosi anahitajika shambani, unaingia uwanjani na 8. Mechi hiyo inachezeka, na watoto wanaweza kutoka wakiwa na hamu ya kurudi Jumatatu.

1. Jua hesabu yako. Kwa Sheria ya 3 ya soka, mechi haianzi wala haiendelei timu ikiwa na wachezaji chini ya 7. Ukiwa na 8, unaweza kumpoteza mmoja tu. Kwa hiyo wakataze kuteleza miguuni mwa mpinzani na kujibizana na refa, maana kadi moja nyekundu inakufikisha ukingoni.

2. Mpate kipa mapema. Usimtupe golini anayekimbia polepole. Mchague mtoto asiyeogopa mpira na anayepaza sauti, kwa sababu ndiye anayeona uwanja wote. Kwenye Kombe la Afrika, Januari 2022, Komoro waliikabili Kamerun bila kipa hata mmoja. Beki wa kushoto, Chaker Alhadhur, alivaa glavu, na nahodha Nadjim Abdou akatolewa kwa kadi nyekundu dakika ya 7. Walifungwa 2-1 tu, tena Alhadhur aliokoa mipira ya hatari. Wasimulie watoto wako mechi hiyo.

3. Punguza uwanja. Hapa ndipo kazi yote ilipo. Watoto 8 hawawezi kuulinda uwanja mzima, na kocha anayewapigia kelele "kaba! kaba!" kila kona anawamaliza pumzi ndani ya dakika 15. Wapange 3-3-1 mbele ya kipa. Mpira ukiwa kwa wapinzani, wote 7 warudi nusu yao, mabeki wasimame hatua chache mbele ya boksi, na viungo watatu wawe karibu nao kiasi cha kusemezana bila kupiga kelele. Katikati pafungwe kabisa. Pembeni waachieni wapinzani. Mpira uliopo kwenye mstari wa pembeni bado uko mbali na goli.

Mpira ukihamia kulia, wote wasogee kulia, hata beki wa kushoto. Atauliza, "Na yule winga niliyemwacha?" Mwambie pasi ya kumfikia ni ndefu, na wakati iko hewani nyote mnapata nafasi ya kusogea. Anayemwendea mwenye mpira ni mmoja tu. Wengine wanaziba njia za pasi. Watoto wa umri huu huufuata mpira kwa kundi, na kuwatoa tabia hiyo huchukua majuma. Vumilia.

4. Zoezi moja litoshe. Weka koni kwenye eneo la mita 30 kwa 20, na upande mmoja utengeneze magoli matatu madogo. Goli la kati lina alama 2, ya pembeni 1 kila moja. Watano washambulie, watatu wazuie, dakika 3, wapumzike 1, kisha mbadilishane. Wazuiaji watajifunza wenyewe kuulinda mlango wa kati, na zoezi zima linahitaji watoto 8, ambao ndio ulio nao. Mbio za kuuzunguka uwanja mara kumi siziungi mkono. Zinachosha bila kufundisha kusimama mahali panapofaa.

5. Pumzikeni mkiwa na mpira. Kubutua mbele ni kumrudishia mpinzani mpira na kuanza kukimbia upya. Mabeki watatu na kipa wapigiane pasi fupi. Tangu 2019 kipa akianzisha mpira wa goli, beki anaruhusiwa kuupokea ndani ya boksi. Ila kipa akiudaka mpira asiukumbatie: tangu 2025 ana sekunde 8, akizidisha ni kona.

6. Badilisheni nafasi. Huna benchi, basi straika aliyechoka ashuke beki wa kati, beki apande. Kila baada ya dakika 10 hivi panatosha.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, mimi nina 9. Huyo wa ziada nimweke wapi?* (Mwanachama, Kwale)
Kiungo cha kati, iwe 3-4-1. Wengi humweka mbele, halafu anabaki akitazama mechi.

*Kocha, tukipata kona wapande wangapi?* (Mwanachama, Busia)
Wanne, akiwemo mpigaji. Watatu wabaki nyuma na kipa. Pigeni kona fupi, maana krosi ikidakwa mtakimbizwa hadi golini kwenu.

*Shikamoo mwalimu. Mwanangu aligongwa kichwani, akasema yuko sawa, na bila yeye wangebaki 6. Angeendelea?* (Mzazi, Nakuru)
Marahaba, mama. Hapana. Mtoto aliyegongwa kichwani akaonyesha kizunguzungu, kichefuchefu au kuchanganyikiwa, au ukiwa na shaka tu, hatoki benchi siku hiyo, hata akiomba. Apelekwe hospitali akaangaliwe. Mechi ikivunjika, ivunjike.

*Mechi za kirafiki tunafungwa mabao mengi, watoto wanaanza kukosa mazoezi. Nifanyeje?* (Mwanachama, Kitui)
Zungumza na kocha mwenzako kabla ya siku hiyo, mcheze 8 kwa 8 na kuufupisha uwanja kwa koni. Wengi hukubali, kwa kuwa hata wao wanapata vikosi viwili vya kuchezesha. Kama amewaleta 16 na wewe una 7, mwombe akuazime mmoja.

*Na wasichana wakitaka kujaza nafasi?* (Mwanachama, Kilifi)
Mazoezini na kwenye kirafiki, waite leo hii. Kwenye mashindano, soma kanuni za mashindano yenyewe kabla ya kuandika majina.