Mgonjwa wa dayalisisi nyumbani: dalili gani isubiri na ipi umkimbize hospitali

Jamani mnaouguza mtu anayesafishwa damu, mashine anakaa nayo masaa kama manne, mara mbili au tatu kwa wiki, muda wote uliobaki yuko nyumbani na nyie ndo mnamwona, kwa hiyo mjue kumsoma.

Tuanze na maji maana shida nyingi zinatokea hapo. Mkojo ukishapungua au kukata, anachokunywa kinabaki mwilini mpaka siku ya mashine. Tafuteni mzani, apime kila asubuhi kabla ya chai, muandike kwenye daftari. Lita moja ni kilo moja, hivyo akipanda kilo tatu ndani ya siku mbili sio kwamba kanenepa, ni maji, na uji, supu, tikiti, barafu vyote mhesabu. Ukibonyeza kidole juu ya kifundo cha mguu shimo likabaki, maji yamejaa, wapigieni kituo. Ila akianza kuhema, hawezi kulala chali mpaka mumpandishie mito au akae, hapo yanaweza kuwa yameingia mapafuni, mpelekeni usiku huohuo, msisubiri zamu yake. Na kiu haitibiwi kwa kumgombeza mtu, punguzeni chumvi na viungo vya pakiti kwenye mboga.

Kwenye mashine maji yakitolewa mengi kwa mkupuo presha inashuka, utaona anapiga miayo, jasho jembamba, kichefuchefu, halafu misuli ya miguu inakaza mpaka vidole vinajikunja. Asijikaze kiume, aseme akiona miayo tu, nesi atapima presha na kupunguza kasi ya kutoa maji. Dawa za presha asubuhi ya siku hiyo muulizeni daktari anywe kabla au baada, msijiamulie.

Kuwashwa kunakomnyima usingizi mara nyingi ni fosfeti, madini yanayotoka kwenye chakula, imepanda kwenye damu au ngozi imekauka. Ile dawa ya kuzuia fosfeti ya chakula isiingie kwenye damu inamezwa pamoja na chakula, akila saa saba akaja kuimeza saa tisa haimsaidii. Soda nyeusi na dagaa wa kutafunwa na mifupa apunguze, mafuta ngozini apakwe akitoka kuoga.

Kinachonitisha zaidi ni potasiamu, madini yaliyomo kwenye vyakula vingi, maana ikizidi kwenye damu inaweza kusimamisha moyo. Utasikia watu wanasema dafu linasafisha figo, kwa huyu mgonjwa wetu dafu ni hatari kweli, msimpe hata kama kaleta shangazi kwa upendo. Ndizi, parachichi, machungwa nayo muulizeni daktari. Viazi na mihogo mkate vipande vidogo, mchemshe na maji mengi, maji myamwage. Akisema miguu imelegea ghafla au moyo unaruka ruka, hospitali sasa hivi, hasa baada ya lile pengo refu la wikiendi bila mashine.

Mwenye katheta, ule mpira uliowekwa kwenye mshipa wa damu wa kuunganishia mashine, akipata homa au kutetemeka, hata akiwa kwenye mashine, ni ya kuwahi, bakteria wanaweza kuwa kwenye damu. Mwenye fistula, yaani mishipa ya damu ya mkononi iliyounganishwa kwa upasuaji kwa ajili ya mashine, aiguse kila siku asikie mtetemo, ukipotea mpige simu siku hiyohiyo, na mkono huo usipimwe presha wala kutolewa damu.

Uchovu wa baada ya mashine wengi wanao, mwacheni alale. Ukiendelea mpaka kesho yake muandike kwenye daftari na mumwonyeshe nesi kabla hajamuunganisha, aangalie kiwango cha damu na uzito aliopangiwa.