Le ho scritto au le ho scritte? Kuishinda participio passato ya Kiitaliano

Kuna kijana hapa Malindi anayetembeza watalii Waitaliano. Kiitaliano chake amekiokota ufukweni na hakimsumbui mdomoni. Kilimkwamisha siku alipotaka kuwaandikia wateja. Tulikaa jioni mbili, tukaenda hivi.

1. Unda umbo la participio passato, yaani umbo la kitenzi kwa tendo lililokwisha tendeka. -are huwa -ato (parlato), -ere huwa -uto (venduto), -ire huwa -ito (dormito). Vikaidi kama scritto, letto na aperto, kariri tu.

2. Uliza neno linafanya kazi gani. Scritto ni kitenzi katika ho scritto (nimeandika), kivumishi katika lettera scritta (barua iliyoandikwa), nomino katika uno scritto (andiko). Kivumishi hufuata nomino yake, kama mti mrefu, miti mirefu.

3. Likiwa kitenzi, tazama kisaidizi. Kwa essere (kuwa), hupatana na kiima: Maria è partita (Maria ameondoka). Kwa avere (kuwa na), hubaki na -o: Maria ha scritto.

4. Sasa angalia kilichotangulia avere. Hapa nilipoteza mchana mzima zamani, nikiapa kwamba kitabu kimekosewa chapa. Kiwakilishi lo, la, li au le cha yambwa tendwa (kile kinachotendwa) kikitangulia, mwisho hubadilika: ho scritto le lettere, lakini le ho scritte. Ni kama -zi- yetu katika nimeziandika, ila wao huipatanisha tena mwishoni.

Balaa ni kwamba le ina sura mbili. Le ho scritte: nimeziandika. Le ho scritto: nimemwandikia (mwanamke), au nimekuandikia, kwa mteja unayemheshimu, hata akiwa mwanamume. Herufi moja tu!

Dawa yangu: fasiri kwa Kiswahili. Ukipata kauli ya kutendea, mara nyingi acha -o. Lakini hakikisha ni kutendea kweli: ng'oa -ia uone kama kitenzi kinabaki. Andikia huacha andika. Saidia haiachi kitu, na kweli Waitaliano husema l'ho aiutata, nimemsaidia (mwanamke). Hapo la imekatwa, kwa hiyo ni -a ya mwisho pekee inayokuonyesha jinsia. Kwa mi, ti, ci na vi (mimi, wewe, sisi, ninyi) za yambwa tendwa, kupatanisha ni hiari; mimi huacha -o.

5. Andika kwa kalamu. Programu za simu za kubofya jibu sizipendi, zinakufundisha kubahatisha. Kijana aliandika jozi ishirini daftarini, ndipo akamtumia mteja: Le ho scritto ieri (nilikuandikia jana). Akajibiwa papo hapo.