Kumlinda bosi asiyetaka kulindwa: mwongozo kwa walinzi binafsi wa Kigoma

Gari halijasimama vizuri pale sokoni Mwanga, bosi ameshafungua mlango na kushuka katikati ya watu. Wewe bado unahangaika na mkanda. Ukimkimbilia anakasirika kwamba unamtia aibu. Ukimwacha, umeacha kazi. Walinzi wengi hufika hapa ndani ya mwezi wa kwanza, na wengi huhitimisha kwamba bosi ni mkaidi. Mara nyingi chanzo ni kingine. Mlinzi amemkataza mambo madogo mengi mno, na siku linapotokea jambo kubwa neno lake limeshachuja. Mtu anayeambiwa "hapana" mara thelathini kwa siku haisikii ile ya thelathini na moja, ambayo ndiyo ingemwokoa.

Kwa hiyo kazi ni kupunguza makatazo mpaka yabaki machache, kisha kujiandaa vizuri kiasi kwamba hata hayo machache huyahitaji kila siku.

Kikao kabla ya siku ya kwanza

Omba saa nzima ya kukaa naye, nyumbani au ofisini, bila wapambe na bila simu kuita. Usikifanye kikao hiki garini: garini yeye ni bosi na wewe ni mtu wa kiti cha mbele, na hakuna anachoahidi huko kinachodumu. Akikuambia hana muda, omba nusu saa, lakini usianze kazi bila kikao.

Anza na afya yake, kwa sababu hapo hakuna ubishi. Uliza kundi la damu, presha, sukari, dawa anazotumia na saa zake, vyakula au dawa zinazomdhuru, na ndugu wa kupigiwa simu. Mabosi wengi wa makamo huanguka kwa sukari au moyo kabla ya kuguswa na adui yeyote. Mkoba wako uwe na glukosi, bandeji pana, glavu, mkanda wa kukaza jeraha linalovuja damu, na nakala ya orodha ya dawa zake. Njia ya kwenda Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Maweni uijue kutoka kila mahali anapopenda kukaa, na dereva aijue vilevile.

Kisha uliza anamwogopa nani. Atasema hamwogopi mtu. Badilisha swali: ni nani anamdai, ni nani alimshinda mahakamani, ni nani alifukuzwa kazi kwa hasira, nani hupiga simu usiku. Hayo hujibiwa.

Mwisho weka masharti yako, na yawe matatu tu. La kwanza, mlango wake haufunguliwi mpaka mlinzi agonge paa la gari mara mbili. La pili, likitamkwa neno la hatari mnaondoka kwanza, maelezo baadaye. La tatu, mlinzi anajua alipo saa zote, hata pale asipotaka mlinzi awepo. Mengine yote, kuanzia mavazi yako mpaka meza atakayokaa, mwachie aamue yeye. Yaandike kwenye ukurasa mmoja, nakala mbili, kila mmoja asaini yake. Karatasi hiyo haina nguvu ya polisi, lakini siku ya mvutano unakuwa unamkumbusha ahadi yake mwenyewe badala ya kumpa amri mpya.

Neno la hatari lisiwe "twende". Kwa siku moja mtasema "twende" mara ishirini, naye amezoea kujibu "ngoja kidogo". Chagueni neno kama "Gari!" lisilotamkwa peke yake kwa sauti kali katika mazungumzo ya kawaida. Lifanyieni mazoezi mara tano uani, kutoka mlango wa nyumba hadi kiti cha nyuma, ukihesabu sekunde. Bosi ambaye hajafanya mazoezi akilisikia atasimama na kuuliza "kuna nini?", na swali hilo peke yake linakula sekunde tatu.

Kushuka na kupanda gari

Magari yetu hupita kushoto, kwa hiyo mweke nyuma kushoto, upande wa ukingo wa barabara, nawe ukae mbele kushoto. Gari likisimama, dereva habonyezi kitufe cha kufungulia milango wala hazimi injini. Wewe unashuka, unatazama mikono ya watu walio karibu kabla ya nyuso zao, unagonga paa, unafungua. Yote hayo ni sekunde nne au tano. Ukitumia kumi na tano atachoka kusubiri, na kesho atajifungulia.

Wapo wanaoamua kuwasha kufuli ya watoto ili bosi asiweze kufungua kutoka ndani. Usifanye hivyo. Gari likiwaka moto au likitumbukia mtaroni, umemfungia. Na siku akigundua kwamba anafungiwa kama mtoto, uaminifu umekwisha na hautarudi. Dawa ya bosi anayewahi kushuka ni dereva: mwelewane asimamishe gari hatua chache kabla ya mahali penyewe, wewe ushuke, kisha alisogeze polepole ukitembea sambamba na mlango. Akifika pale anapotaka kushuka, wewe umeshafika.

Mkiegesha, gari litazame kutokea, na tangi lisishuke chini ya nusu.

Salamu, misiba na msikiti

Walinzi waliofunzwa miji mingine huharibikiwa hapa kuliko mahali pengine. Bosi aliyezaliwa Ujiji au Kasulu akirudi nyumbani hana uwezo wa kupita bila kusalimia. Mzee akimwita kutoka kibarazani lazima asimame, ainame, ajibu habari za watoto, za mvua na za shamba. Ukimvuta mkono, au mbaya zaidi ukimzuia mzee kwa kiganja kifuani, umemjeruhi bosi wako mbele ya watu wake, na hasira utakayoipata jioni umeistahili.

Ongeza muda wa salamu kwenye ratiba. Kutembea hatua mia moja Ujiji na mtu anayejulikana kunaweza kuchukua nusu saa. Wewe msalimie mzee kabla ya bosi: "Shikamoo mzee," ukiinama, na mkono wako ukipokea mkono wake. Kwa heshima hiyo umeshasogea karibu, umeona mkono wa pili umeshika nini, na umesimama pembeni ya bosi bila mtu kuona ulinzi wowote. Kisha rudi nusu hatua nyuma yake, umbali wa mkono mmoja, mkono wako wa kazi ukiwa mtupu.

Msibani usisimame juu ya watu waliokaa kwenye majamvi. Kaa karibu na mlango au mwisho wa jamvi, mahali unapoona njia ya kuingilia, na viatu vyako uviache vikitazama nje, visiwe na kamba. Msikitini siku ya Ijumaa, kama wewe ni Mwislamu swali safu ya nyuma yake. Kama si Mwislamu, kaa nje karibu na viatu, na omba kampuni ikupe mwenzako anayeweza kuingia. Kujifanya unaswali ili umlinde ni kosa ambalo waumini hawatalisahau, na bosi ndiye atakayeombwa maelezo.

Jambo la mitandao liko hapahapa. Wapambe hurusha picha bosi akiwa bado amekaa. Usiwanyang'anye simu. Kubaliana na bosi kwamba picha ziende hewani mkishaondoka, kisha yeye mwenyewe awaambie.

Kibirizi na safari za boti

Ziwani ubishi wa bosi unaweza kuua watu wote waliomo. Boti za kwenda Gombe, Mwamgongo na Kagunga hutokea Kibirizi, na vijiji vingi vya mwambao havina gati. Boti inasogea ufukweni na watu wanaingia majini kuifikia. Ziwa Tanganyika lina kina cha zaidi ya mita 1,400 kwenye sehemu zake za ndani, na mahali pengi kina huongezeka ghafla karibu na ufukwe.

Bosi hukataa jaketi okozi kwa sababu mbili: linaharibu kanzu au suti, na yale ya kwenye boti yananuka dagaa na mafuta. Zote zinatatulika mjini. Nunua jaketi lake mwenyewe la kipimo chake, kamba zake uzivute kwa nguvu kuona kama zinashika, na beba mfuko usiopitisha maji wa kuwekea nguo za mkutano. Siku ya safari vaa lako kwanza, mbele yake. Usivae buti nzito.

Hali ya hewa usimwambie wewe. Ukisema "leo ziwa si zuri" atasikia uoga wa mlinzi. Jioni iliyotangulia mpeleke nahodha amweleze kwa mdomo wake. Bosi ambaye hakusikilizi wewe atamsikiliza mtu aliyezeekea ziwani, na wewe umebakiwa na "hapana" yako kwa siku nyingine. Mkiwa walinzi wawili, mmoja apande kwanza ampokee bosi, mwingine abaki nyuma yake. Ukiwa peke yako, kagua boti na kiti mapema, kisha yeye apande mbele yako, kwa sababu kundi la watu liko ufukweni, mgongoni mwake.

Kutumwa, mizigo na siri

"Nishikie hii." Mara ya kwanza ni simu, ya pili ni mkoba, ya tatu ni debe la mawese la mama mkwe. Mikono iliyojaa haifanyi kazi. Usimjibu "si kazi yangu". Jibu hilo ni la kweli lakini linaumiza. Sema, "Bosi, nimwite dereva ashike, mimi mikono niiache kwako," na umwite papo hapo. Akikutuma dukani, mwambie umpeleke kwanza mahali salama ndipo uende, au atumwe mtu mwingine. Ukikubali mara tatu mfululizo umeshakuwa kijana wa kutumwa, na kurudi kwenye nafasi yako kutakugharimu ugomvi.

Sababu kubwa ya bosi kumtoroka mlinzi ni nyumba asiyotaka ijulikane. Usihubiri. Mpe ulinzi wa mbali: unamfikisha hadi kona anayotaka, unabaki garini, mnakubaliana saa ya kupigiana simu, na dakika kumi zikipita bila jibu unagonga mlango. Mkewe akikuuliza, jibu ni moja siku zote: "Mama, ratiba ya bosi naomba umuulize mwenyewe." Usidanganye, usitoe siri. Mlinzi anayepeleka habari upande mmoja atatumiwa na pande zote mbili.

Akikutukana, au akikuamuru kosa

Mbele za watu usijibu. Maliza safari, mfikishe ndani, kisha omba dakika tano siku hiyohiyo au asubuhi yake. Ongea kuhusu tukio moja tu, kwa saa na mahali: "Jana saa mbili usiku pale hotelini uliniambia niondoke mbele ya wageni. Nilikaa mlangoni kwa sababu mlango wa nyuma ulikuwa wazi. Ungependa nikae wapi safari ijayo?" Swali la mwisho ndilo lenye kazi, maana linamrudishia uamuzi. Akiwa amekunywa usijaribu mazungumzo haya kabisa.

Akisema "mpige huyo", jibu ni "Gari!" na kumwondoa. Mlinzi binafsi hana mamlaka ya polisi. Unaweza kujitetea na kumtetea kwa nguvu inayolingana na hatari, na ukimkamata mtu unapaswa kumkabidhi polisi bila kuchelewa. Amri ya bosi haitakusaidia mahakamani.

Uwe na daftari. Tarehe, saa, mahali, ulichoshauri, alichoamua. Usiandike hisia wala matusi yake yote. Likitokea jambo, daftari linaonyesha ulishauri nini, na msimamizi wako ataweza kuzungumza naye akiwa na matukio mkononi.

Kabla ya kumlaumu bosi, hesabu pia saa zako. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka saa 45 za kawaida kwa wiki, na hata ukiongeza muda wa ziada siku moja isivuke saa 12. Inatoa mapumziko ya dakika 60 baada ya saa 5 mfululizo, na saa 24 za kupumzika kila wiki. Mlinzi mmoja anayekesha na bosi usiku halafu akaamka alfajiri kumhudumia atakuwa na hasira za haraka na macho mazito, na ugomvi mwingi unaoitwa wa tabia ni wa usingizi na njaa. Chakula cha mlinzi safarini kiandikwe kwenye mkataba. Bosi akikaa mezani huwa hakumbuki.

Kuondoka

Yapo mambo mawili yasiyovumilika: kupigwa, na kuvunjwa kwa sharti la tatu tena na tena baada ya vikao viwili vilivyoandikwa. Mtu usiyejua alipo huwezi kumlinda, na mshahara unaoupokea unampa usalama wa uongo. Toa notisi kwa maandishi. Kwa anayelipwa kwa mwezi sheria inataka siku 28, isipokuwa mwezi wa kwanza wa kazi ambapo ni siku 7. Usiondoke kwa hasira usiku wa safari. Mpe mlinzi mpya siku mbili za kutembea pamoja, mkabidhi orodha ya dawa, funguo, ukurasa wa masharti na njia za hospitali, mwoneshe wazee ambao bosi husimama kuwasalimia, kisha futa namba na picha za familia yake kwenye simu yako mbele ya msimamizi.