Mbwa wa macho anavyofundishwa kutumia pua: kufuata harufu kwa wanaoanza

Mbwa wangu anaitwa Mshale, chotara wa grehaundi, mbavu unazihesabu zote ukiwa umekaa. Siku ya kwanza namtembeza huku Nzuguni, Dodoma, mzee mmoja jirani akaniita pembeni, nikamwamkia, akaitikia marahaba alafu akaniuliza taratibu, "Mwanangu, huyu mbwa mnamlisha kweli?" Nikamwambia mzee anakula kuliko mimi, ndo alivyoumbwa. Sasa huyu ndo niliamua nimfundishe kufuata nyayo kwa harufu na watu walinicheka, maana mbwa wa jamii hii, grehaundi, saluki, wipeti, wanawinda kwa macho. Anaona kitu kinatikisika kule mbali, anafyatuka, na grehaundi akikolea anafika kama kilomita 70 kwa saa, sasa we kamba yako na mkono wako utajuana navyo.

Pua anayo lakini, na nzuri tu. Shida yake ni kwamba tangu mdogo macho ndo yamekuwa yakimlipa. Hapo Morogoro kwenye Chuo Kikuu cha Sokoine kuna shirika linaitwa APOPO, wanafundisha panya buku kunusa mabomu ya ardhini na makohozi ya wagonjwa wa TB, na mmoja wao, Magawa, alipewa medali ya dhahabu na Waingereza mwaka 2020 kwa kazi aliyopiga Kambodia. Panya anafundishwa hivi, akinusa harufu sahihi anapata msosi, basi, kila siku hivyo hivyo. Na kwa mbwa ni hivyo hivyo, ila panya buku macho yake mabovu hana cha kumchanganya, wa kwako ana darubini kichwani. Kwaiyo kazi kubwa ni kuyanyima macho chakula, pua itajifunza yenyewe.

Vifaa havina gharama. Kamba nyepesi ya mita 5 mpaka 10, na mkanda wa kifuani, ule unaozunguka mbavu. Kamba ndefu usifunge shingoni kabisa, huyu akiona sungura anatoka kama risasi na kamba ikiisha ghafla shingo ndo inabeba mzigo wote. Alafu mkanda wa kifuani mvalishe kwenye trening hii tu, baada ya wiki mbili tatu ukiushika tu anajua leo ni kazi ya pua. Zawadi chemsha maini au firigisi za kuku, kata vipande saizi ya punje ya harage. Na aje na njaa, kabla hajala cha asubuhi.

Muda ni saa 12 asubuhi au saa 12 na nusu, hapa Dodoma usijidanganye na mchana. Jua likishapanda mbwa anahema mdomo wazi, na mbwa anayehema hivyo hanusi vizuri, na pia ardhi yetu hii ikikauka harufu inakuwa nyepesi. Harufu ya njia ni ya mwili wako inayodondoka ukipita, ikichanganyika na majani uliyoyakanyaga na udongo uliotifuka, na unyevunyevu unaishika. Ndo maana kipindi cha mvua, Desemba mpaka Aprili, ni rahisi zaidi, kiangazi tafuta sehemu yenye umande au pembeni ya bustani inayomwagiliwa. Mwezi wa 6 na wa 7 kuna kale kabaridi ka alfajiri, hawa mbwa hawana mafuta wala manyoya ya maana, Mshale namvalisha sweta langu bovu na sioni aibu.

Eneo chagua ambalo halina kinachotembea. Kiwanja cha mpira asubuhi kiko poa, njia ya kupitisha mbuzi hapana.

Haya, siku ya kwanza. Mbwa abaki ndani asikuone, hii kwa mbwa wa macho ni lazima, akikuona ulikopita atakimbilia alikokuona na pua itabaki likizo. Kanyaga mraba wa hatua moja kila upande, kanyagakanyaga kweli kama unashindilia sakafu, mwaga humo vipande kama 15 na uvifukie kidogo kwa vumbi au majani visionekane. Mlete, sema "nusa" mara moja tu, nyamaza. Ataangalia huku na huku, atakuangalia wewe, usimwonyeshe kwa kidole. Siku ya kwanza Mshale alisimama karibu dakika nzima anaangalia kunguru kwenye mbuyu. Ila pua ikishashuka anagundua kumbe chini kuna karamu. Rudia siku tatu nne.

Ndo sasa njia. Kutoka kwenye mraba tembea moja kwa moja hatua 10 au 15 fupi fupi, kila unyayo acha kipande kimoja umekifukia, mwisho weka soksi yako uliyoivaa jana na zawadi nono juu yake. Rudi kwa kuzunguka mbali, usikanyage njia yako. Kabla ya kutembea rusha vumbi juu uone upepo unaelekea wapi, utembee upepo ukikupiga mgongoni, maana ukikupiga usoni harufu ya mwisho wa njia itamfuata mbwa puani, atanyanyua kichwa akate moja kwa moja na hatakuwa amefuata nyayo.

Mi nilikosea hapa, niliweka vijiti vyenye vitambaa vyekundu ili nisisahau nilikopita, aisee jamaa siku ya pili tu anatoka kijiti mpaka kijiti kwa macho, pua juu, na mi nashangilia kama mjinga. Sasa hivi natumia alama zilizopo tayari, kichuguu, jiwe, mgunga fulani.

Akiinua kichwa katikati ya njia, simama tu, kamba usiivute, usimfokee, hawa mbwa wana roho nyepesi, kelele moja anaweza kukununia asubuhi nzima. Pua ikirudi chini we songa nae. Na kikitokea kitu kinakimbia, shika kamba, subiri kipotee, mrudishe nyuma hatua chache aanze upya pale penye chakula. Ukiona hata hakusikii, funga kazi. Dakika 10 zinatosha, mara 3 kwa wiki, ukizidisha anachoka kichwa.

Akiwa anamaliza njia bila kunyanyua kichwa, punguza chakula, unyayo mmoja ndio mmoja hapana, alafu kila baada ya hatua tatu nne, bila mpangilio. Kona ije baada ya hapo, kona ya kwanza iwe ya taratibu, na nyayo za baada ya kona zijaze chakula tena. Mwisho unaiacha njia ikae, dakika 10, 20, nusu saa. Hapo adui ni sisimizi, nishawahi kurudi nikakuta wamebeba maini yote, kwahiyo njia ya kukaa muda mrefu naweka chakula kwenye kikopo cha mfuniko pale mwisho tu, namfungulia mwenyewe.

Mkimaliza kagua vidole, mbigili za huku hazina huruma na ngozi ya hawa mbwa inachanika kirahisi, angalia na kupe masikioni. Na kama unafanyia karibu na mashamba ya zabibu usimwache aokote zilizodondoka, zabibu zinaua figo za mbwa, mbichi na kavu zote.

Mshale sasa hivi anafuata hatua 200 zenye kona mbili, soksi anaipata, ila kuku akipita bado tunaanza upya.