Kabla ya kudai ndugu yako abadilishwe: mambo ya kuzingatia kwa familia

Habari ya ndugu kukamatwa ughaibuni ikishafika nyumbani, hazipiti siku nyingi kabla mtu kwenye kikao cha familia hajauliza: kwa nini serikali isibadilishane wafungwa, kama Marekani ilivyomtoa yule dada wa mpira wa kikapu? Brittney Griner alikamatwa Februari 2022 katika uwanja wa ndege wa Sheremetyevo, Moscow, akiwa na mafuta ya bangi ya sigara ya kielektroniki. Agosti akahukumiwa miaka 9. Tarehe 8 Desemba mwaka huohuo akapishana uwanjani Abu Dhabi na Viktor Bout, mfanyabiashara wa silaha wa Kirusi aliyekuwa akitumikia kifungo cha miaka 25 Marekani. Basi watu wakaona miezi 10 na mambo yamekwisha.

Swali la kwanza kwenye kikao liwe jingine: serikali yetu imemshika nani ambaye wale wanamtaka? Agosti 1, 2024, pale Ankara, wafungwa 24 wa Urusi na nchi za Magharibi walibadilishana ndege kwa siku moja. Mtu ambaye Urusi ilimtaka hasa ni Vadim Krasikov, aliyefungwa maisha Ujerumani kwa kumuua mtu kwa risasi mchana kweupe katika bustani ya Kleiner Tiergarten, Berlin, mwaka 2019. Bila Ujerumani kukubali kumwachia muuaji aliyehukumiwa na mahakama yake yenyewe, mwandishi wa Kimarekani Evan Gershkovich na wenzake waliofungwa Urusi wasingetoka. Hii ni biashara ya mali kwa mali, na serikali nyingi za kwetu hazina mfungwa ambaye Moscow au Tehran inamlilia. Wakati mwingine bei haiwi mtu. Nazanin Zaghari-Ratcliffe, Mwingereza mwenye asili ya Iran, alishikwa Tehran Aprili 2016 na kurudi Machi 2022, baada ya Uingereza kulipa takriban pauni milioni 400, deni la vifaru lililolala tangu miaka ya 1970. Familia isiyojua nchi hizo mbili zinadaiana nini itapiga kelele kwenye mlango usio wake.

Kabla ya barua yoyote, ulizeni aliingia kwa pasipoti gani. Iran haitambui uraia pacha. Mwenye pasipoti mbili, kwake ni Mwirani tu, na balozi wa nchi ya pili hukataliwa kumwona. Tanzania nayo hairuhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili, wakati Kenya imeruhusu tangu Katiba ya 2010, hivyo majibu ya ndugu wawili waliozaliwa pande mbili za mpaka wa Namanga yanaweza kutofautiana. Na kuna jambo ambalo wengi wa kwetu walioko Marekani hawalijui: sheria ya nchi hiyo ya mwaka 2020, iliyopewa jina la Robert Levinson aliyepotea Iran mwaka 2007, haiwaangalii raia peke yao. Mwenye kadi ya kijani aliyejijenga huko naye anaweza kutangazwa kuwa ameshikiliwa isivyo haki, na jalada lake likahamia kwa mjumbe maalumu wa rais anayeshughulikia mateka. Ndivyo ilivyokuwa kwa Paul Rusesabagina, mpinzani wa serikali ya Rwanda, raia wa Ubelgiji mwenye ukaazi Marekani, aliyepanda ndege Dubai Agosti 2020 akidhani anakwenda Bujumbura, akashukia Kigali na kukamatwa. Kama ndugu yenu ana ukaazi wa kudumu mahali popote, karatasi hiyo ndiyo ya kutafuta kwanza.

Kisha ubalozi. Mkataba wa Vienna wa 1963 kuhusu mahusiano ya kikonseli, ibara ya 36, unampa aliyekamatwa haki ya kuomba ubalozi wake uarifiwe bila kuchelewa, na maofisa wa ubalozi haki ya kumtembelea. Haki ya kutembelewa tu. Ya kutolewa haimo. Simu ya kulalamika haiachi alama, kwa hiyo andikeni barua, na muombe nakala igongwe muhuri wa kupokelewa. Ndani muwe na jina lake lote kama lilivyo kwenye pasipoti, tarehe na mahali alipokamatwa, gereza analosemekana yupo, shtaka kwa maneno ya hati yenyewe, na dawa anazotumia kwa jina la dawa, si la kampuni. Hilo la jina la mtu linachosha kuliko mnavyodhani. Nchi za Kiarabu huandika majina manne, la babu likageuka la ukoo, na jina hilohilo likirudi kwa herufi za Kilatini huja na tahajia nyingine. Mtu akaulizwa gerezani ikasemekana hayupo, kumbe yupo chumba cha tatu. Orodhesheni kila tahajia mliyoiona kwenye karatasi yoyote.

Wakili msimwache njiani kwa kuwa mmesikia tetesi za mabadilishano. Mara nyingi nchi iliyomshika hutaka hukumu itoke kwanza, maana asiyehukumiwa hana cha kusamehewa. Gershkovich alipewa miaka 16 tarehe 19 Julai 2024, na siku 13 baadaye alikuwa nyumbani. Kwa hiyo hukumu nzito si lazima iwe mwisho wa safari. Huenda ikawa ndiyo karatasi iliyokuwa ikisubiriwa.

Baada ya hukumu huja ombi la msamaha, na hapa familia nyingi hugombana. Katika kundi la Ankara, wapinzani Vladimir Kara-Murza na Ilya Yashin walikataa kusaini ombi kwa Putin. Yashin, alipofika Ujerumani, alisema wazi kwamba hakuridhia kutolewa nchini kwake, na kwamba kwake yeye kule kulikuwa kufukuzwa. Rusesabagina kwa upande wake alimwandikia Rais Kagame Oktoba 2022, akaeleza majuto na kuahidi kuachana na siasa za Rwanda. Machi 2023, Qatar ikiwa katikati, kifungo chake cha miaka 25 kikapunguzwa akatoka. Hatia haikufutwa. Siwezi kuwaambia njia ipi ina heshima zaidi, ila ninavyoona, uamuzi ni wa mfungwa. Kaka mkubwa asisaini kwa niaba yake eti kwa sababu ndiye anayelipa wakili. Mtumieni swali mapema, kupitia wakili au ofisa wa ubalozi: uko tayari kuandika, na ni neno gani hutalitamka?

Muulizane pia mnaomba nini hasa. Kurudishwa si kuachiwa. Wamarekani 3 waliohukumiwa kifo Kinshasa kwa jaribio la mapinduzi la Mei 2024 walibadilishiwa adhabu kuwa kifungo cha maisha, wakasafirishwa kwao Aprili 2025, na huko wakakuta mashtaka mengine yanawasubiri. Zipo nchi zilizowekeana mikataba ya kuhamisha wafungwa, ambapo mtu huja kumalizia kifungo karibu na mama yake, na kwa wengi hiyo ndiyo njia inayowezekana. Katika kesi ya kuua nchini Saudi Arabia, njia ni familia ya marehemu. Mkenya mmoja aliyekaa huko zaidi ya miaka 10 akingoja upanga alirudi Nairobi Julai 2025 baada ya kulipwa dia, yaani fidia ya damu, ya riyali milioni 3.5. Hakuna aliyebadilishwa naye.

Kuhusu kupiga kelele au kunyamaza, hakuna kanuni moja. Wazazi wa Trevor Reed, Mmarekani aliyefungwa Urusi, walisimama na mabango nje ya Ikulu ya Marekani, wakaonana na Biden mwisho wa Machi 2022, na kabla ya Aprili kuisha mtoto wao alikuwa amepishana na rubani wa Kirusi huko Uturuki. Watu wa Griner walianza kwa ukimya, wakageuka baadaye. Chagueni msemaji mmoja tu. Binamu anayeposti usiku picha za ndugu yenu akiwa na wanasiasa anaweza kumpandisha bei, au kumwongezea shtaka. Na atakayewapigia akisema ana mtu wake ndani ya gereza, mtume pesa kwa simu leo jina liingie kwenye orodha, huyo ni tapeli hata kama anajua namba ya chumba.

Mambo ya nyumbani ndiyo husahaulika kabisa. Jason Rezaian, mwandishi aliyekaa gerezani Tehran siku 544 na kutoka Januari 2016, alirudi akakuta anadaiwa kodi pamoja na faini za kuchelewa, kana kwamba alikuwa likizo. Kwetu ni marejesho ya KRA, mamlaka ya kodi ya Kenya, mkopo wa SACCO, kodi ya pango. Mwombeni ndugu yenu asaini hati ya uwakilishi mbele ya ofisa wa ubalozi wakati bado anaruhusiwa wageni, muweze kuandikia benki na mwajiri. Laini yake ya simu wekeni salio na muitumie mara kwa mara, kwa sababu laini iliyolala hufungwa na namba akapewa mwingine, na namba hiyo ndiyo inayopokea ujumbe wa benki na wa M-Pesa.

Siku ya kurudi, Marekani huwapeleka watu wake kwanza hospitali ya jeshi San Antonio, Texas, kwa madaktari na wanasaikolojia. Kwetu mtu hushukia kwenye kamera, mabusati na mheshimiwa mwenye kipaza sauti. Tafuteni daktari mapema, chumba chenye mlango unaofungwa kwa ndani, na shangazi mmoja mkali wa kuwaambia wageni waje wiki ijayo. Lakini msimfungie naye. Griner, kwenye ndege ya kumtoa Abu Dhabi, aliambiwa anaweza kujipumzikia peke yake. Akasema amekaa miezi 10 akisikia Kirusi, anataka kuongea, akaanza kupita kwa kila mhudumu akimpa mkono na kumuuliza jina lake.