Somo: Kupima kimiminika kinachopungua mnato kikikorogwa

Rangi ya ukutani ni nzito ndani ya kopo. Chini ya brashi inalainika, na ikishatulia ukutani haichuruziki. Kwa kimiminika cha aina hii, kutaja mnato, yaani ukinzani wake wa kutiririka, bila kutaja kasi ya kukoroga uliyopimia ni kumwacha msomaji gizani. Tutumie xanthan, unga wa kuzitisha vyakula, maana tabia hii huionyesha waziwazi.

Hatua ya 1: Nyunyiza gramu 5 za unga wa xanthan, kidogo kidogo, kwenye lita 1 ya maji yanayozunguka kwa nguvu. Ukiumwaga kwa mpigo utapata mabonge: nje utelezi, ndani unga mkavu. Acha usiku kucha ili viputo vitoke.

Hatua ya 2: Jaza viskometa ya mzunguko (chombo kinachopima mnato kwa kuzungusha sampuli), shikilia nyuzi 25 za Selsiasi, subiri joto lilingane.

Hatua ya 3: Hapa ndipo kazi nyingi huharibika. Panda kutoka kasi ndogo hadi kubwa, kisha rudi ulikotoka. Usiandike namba ya kwanza unayoiona. Itazame inavyobadilika mpaka itulie, na kwenye kasi ndogo hilo huchukua muda. Vumilia.

Hatua ya 4: Chora mkazo (nguvu ya kukata kwa kila eneo) dhidi ya kasi ya tabaka kukatana (jinsi tabaka za kimiminika zinavyopishana kwa haraka), mihimili yote miwili iwe ya logi. Nukta zikinyooka, mteremko ndio n, namba inayoonyesha mkazo unavyokua kasi ikipanda. Tuseme kwa kasi ya 1 kwa sekunde mkazo ni paskali 2, na kwa 100 ni paskali 8. Logi ya 4 gawanya kwa logi ya 100, n ni 0.3. Mnato ni mkazo gawanya kwa kasi, hivyo umeshuka kutoka 2 hadi 0.08, mara 25! Kimiminika kama maji kingekupa n ya 1.

MASWALI

Swali: Mwalimu, nukta zangu za kushuka zimekaa chini ya zile za kupanda. Nimekosea?

Jibu: Huenda hujakosea. Muundo uliovunjika unaweza kuhitaji muda kujijenga upya. Hiyo ni thiksotropia, nayo ni tabia nyingine. Rudia kwa sampuli mpya, ungoje zaidi kila kasi, uone kama pengo linafungika.

Swali: Kwenye kasi ndogo kabisa mstari umepinda. Nizifute nukta hizo?

Jibu: Usizifute, ndugu. Kwanza hakikisha usomaji haujashuka chini ya uwezo wa chombo. Kama uko salama na mteremko unakaribia 1, umefika mahali mnato unapoacha kubadilika. Kanuni ya n, yaani ule mstari mnyoofu, haifai hapo; tumia mlinganyo wa Carreau au wa Cross, ambayo hueleza pia sehemu hiyo.